Kizibo cha Sponji

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Spana alifagia karakana, akainyunyizia sakafu maji ili vumbi litulie, kisha akambeba mdogo wake mgongoni ili mama apate kunywa chai kwa mikono miwili. Spana hakuwa mvulana wala hilo halikuwa jina lake la shuleni. Alipokuwa anajifunza kusema, neno lake la kwanza lilikuwa "mama" na la pili "pana". Baba yake, ambaye wakati ule alikuwa ameshika spana mkononi, alishangilia kana kwamba binti amefaulu mtihani wa taifa. Jina likamganda. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na hata mwalimu wa darasa alijisahau mara nyingine akamwita Spana.

Karakana ilikuwa ubavuni mwa nyumba. Ilikuwa na paa la bati, sakafu ya saruji yenye mabaka ya oili, meza ndefu ya mbao na mlango mpana uliotazama barabara. Fundi mwenyewe alikuwa mama. Kazi yake ilikuwa kutengeneza AC za magari, ndiyo maana wateja walimwita Fundi Baridi. Gari liliingia mle likimpulizia dereva hewa ya moto usoni, likatoka likimfanya atafute sweta. Watu walimsifu kwa hilo, naye alizipokea sifa huku akipiga miayo.

Wiki ile nyumba nzima ilikuwa hoi. Baba alikuwa safarini na lori. Mdogo wake Spana alikuwa anaota meno, na kila usiku alilia mpaka sauti ikamkauka. Shangazi aliyeishi nao alishika zamu yake ya kumbembeleza, mama akashika ya kwake. Spana hakupewa zamu, lakini nani angelala katika nyumba ya vyumba viwili mtoto akilia namna ile? Asubuhi wote waliamka na macho mekundu, wakajibizana kwa mkato. Siku moja shangazi alitia chumvi kwenye chai badala ya sukari. Waliinywa hivyo hivyo, kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu ya kulalamika wala ya kucheka.

Katikati ya uchovu huo ndipo lilipoingia gari la Babu Picha.

Babu Picha alikuwa mzee aliyepiga picha za watu wa mji ule tangu ujana wake, za harusi, za vitambulisho na za watoto wanaotimiza mwaka wakiwa wamenuna. Gari lake lilikuwa refu, la rangi ya maziwa, na lilimzidi umri mama yake Spana. Alilipenda mno. Kila asubuhi alilifuta kwa kitambaa laini kabla hata hajamsalimu mkewe, na mkewe, mwanamke wa maneno mengi na mzaha mwingi, alikuwa akiliita gari hilo mke mwenzake. Akiulizwa mumewe yuko wapi alijibu kwamba yuko kwa bibi mdogo, anamwogesha.

Lakini sasa mkewe huyo hakuwa nyumbani. Alikuwa amelazwa hospitalini kwa ugonjwa wa mapafu, na ndiyo kwanza alikuwa ameanza kupata nafuu. Daktari alikubali kumruhusu Jumapili, kwa sharti moja. Barabara ya kutoka hospitali ilikuwa ndefu, ya vumbi na ya jua kali. Mgonjwa asiguswe na vumbi hilo, vioo vya gari vifungwe njia nzima, na ndani kuwe na ubaridi, kwa sababu joto lingemkaba pumzi. Magari ya kukodi yenye AC hayakutaka kuikanyaga barabara ile. Lilibaki gari la mzee, na AC yake ilikuwa imekufa zamani.

"Fundi, mimi mwenyewe joto nimelizoea," alimwambia mama siku alipolileta. "Ila yeye nikimtia kwenye tanuri hili, sitamfikisha."

Mama alifungua boneti, akachungulia, akapitisha kidole kwenye chuma kilicholoa oili nyeusi. Kilichokufa kilikuwa kompresa, yaani ile pampu inayoisukuma gesi izunguke mwilini mwa AC. Mpira unaoziba shingo yake ulikuwa umechakaa, gesi yote ikatoroka, na oili ikaifuata. Maduka ya vipuri yaliulizwa, na wauzaji wakauliza kama mama anatania. Kompresa ya aina ile ilikuwa haitengenezwi tena.

Basi mama alikwenda kwenye uwanja wa magari yaliyokatwakatwa, akarudi na kompresa nyingine iliyokufa kwa ugonjwa tofauti. Akazilaza zote mbili mezani, akazifungua, akachukua kizima cha hii na kizima cha ile. Kwa siku kadhaa meza ile haikuguswa na mtu. Spana aliporudi kutoka shule alimkuta mama ameinama pale pale, mtoto amefungwa mgongoni, akisafisha vyuma vidogo kwa brashi ya meno. Spana alimshikia taa, akamsomea maandishi madogo kwenye pakiti za mipira, akaosha bolti na nati kwenye bakuli. Ijumaa jioni kompresa moja ilikuwa imezaliwa kutokana na mbili. Mama aliizungusha kwa mkono, nayo ikazunguka laini, bila kukwaruza. Alitabasamu kidogo, halafu akakaa chini kwenye sakafu kwa sababu miguu ilikuwa imekataa.

Sasa karakana ile ilikuwa na sheria moja ambayo hata mtoto anayeota meno alikuwa ameisikia mara nyingi. Kila mdomo uliofunguliwa lazima uzibwe. Ukitoa mpira wa gesi, ziba. Ukitoa bomba, ziba. Mama alisema AC haiuawi na miaka, inauawa na punje ya mchanga na tone la maji. Kwa hiyo kulikuwa na kopo la vizibo vya plastiki, vyekundu na vya buluu, na kazi ikiisha kila kizibo kilirudi kwenye kopo. Kizibo kikikosekana, hakuna kuwasha gari.

Ijumaa ile mama alimwambia Spana azibe midomo yote iliyobaki wazi kwenye gari la mzee. Spana alifungua kopo. Vizibo vilikuwa vichache mno, naye alijua vilipo vingine. Vilikuwa shuleni, ndani ya dawati, kwa sababu vilikuwa kete nzuri sana za drafti. Vyekundu upande mmoja, vya buluu upande wa pili. Alikuwa amevichukua kidogo kidogo, kila siku akijiambia kwamba kesho atavirudisha.

Alipaswa kusema wakati ule ule. Lakini mama alikuwa ameegemea ukuta, amefumba macho, na mtoto alikuwa ameanza tena kulia ndani. Spana alichukua kipande cha sponji ya godoro la zamani, akakikata vipande, akaziba midomo iliyosalia. Alifanya haraka. Kipande cha mwisho alikikata kidogo kuliko vingine, na alipokitia kwenye mpira mnene unaorudisha gesi kwenye kompresa, kilizama chote ndani. Aliona tundu limezibika. Akasema moyoni kesho nitakivuta kwa koleo, akaenda kulala, kama kulala ndiko kule.

Jumamosi ilianza na jua la kuchoma. Mama aliifunga kompresa mahali pake, mikono ikipenya kati ya vyuma vilivyobanana, akitoka na mikwaruzo mipya kila mara. Spana alikuwa upande wa pili wa gari, akitoa vizibo na kumpa mama mipira midogo ya duara iliyopakwa oili. Usiku uliopita ulikuwa mbaya kuliko mwingine wowote. Alikuwa akifanya kazi macho wazi lakini akili imelala, na mara mbili alijikuta ameegemea taa ya gari bila kujua ameegemea saa ngapi.

"Umetoa vizibo vyote?" mama aliuliza kutoka chini ya boneti. Alikuwa ameshika ule mpira mnene, anataka kuufunga, na mahali pale palikuwa pabaya, hapaonekani, ni pa kupapasa tu.

"Ndiyo, mama," Spana alijibu.

Hakudanganya kwa kukusudia. Hakufikiri kabisa. Jibu lilitoka lenyewe, jinsi mtu anavyojibu "nzuri" akiulizwa habari za asubuhi hata kama meno yanamuuma. Mama akaamini, akafunga, akakaza nati.

Baadaye akaunganisha pampu ya kuvuta hewa. Kazi ya pampu hiyo ni kunyonya hewa yote na unyevu wote kutoka kwenye mabomba kabla ya kutiwa gesi. Ni kazi ya taratibu, na pampu ya mama ilikuwa imezeeka kama lile gari. Ikaanza kunguruma. Mshale wa geji, ile saa ya kupimia hewa, ukaanza kushuka. Mama alimwambia Spana arudishe vizibo kwenye kopo na aangalie mshale, halafu akajilaza kwenye benchi, akajifunika kanga usoni. Usingizi ulimchukua kabla hajamaliza kunyoosha miguu. Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile Spana kumwona mama amelala bila mtoto kumlalia kifuani.

Spana akakusanya vizibo. Vya plastiki, sawa. Vipande vya sponji, akavipanga mezani. Akavipanga tena. Akaangalia chini ya meza, chini ya gari, mifukoni mwake, kwenye ndoo ya maji, ndani ya viatu. Kisha akasimama na kuutazama mpira mnene uliokazwa vizuri, na akajua. Kile kipande kidogo kilikuwa humo ndani.

Alijua kitakachotokea, kwa sababu mama humweleza kila kitu akifanya kazi. Injini ikiwashwa na kompresa ikianza kunyonya, itakinyonya pia kile kipande. Sponji itakatikakatika, itaingia kwenye vali nyembamba kama ukucha, na kompresa iliyotolewa kwa wafu wawili itakufa mara ya mwisho. Hakukuwa na ya tatu.

Unadhani alimwamsha mama hapo hapo? Hakumwamsha. Alisimama akimtazama. Kanga ilikuwa ikipanda na kushuka taratibu juu ya uso wake. Mkono wake mmoja ulikuwa umening'inia kando ya benchi, umejaa oili na mikwaruzo. Kumwambia kulimaanisha kuzima pampu, kufungua tena, kuanza upya. Spana mwenyewe alikuwa amechoka hadi mifupa, na uchovu ukaanza kumshauri vibaya. Ukamwambia huenda kipande kilidondoka sakafuni na upepo umekichukua. Ukamwambia sponji ni kitu laini tu, gesi itakisukuma, kitakaa pembeni. Ukamwambia mama akiamka atakasirika, tena atauliza vile vizibo vya plastiki viko wapi. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akautazama mshale wa geji bila kuuona.

Hapo ndipo Babu Picha alipoingia, kwa hatua za polepole, na mto wa kulalia kwapani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu." Alimwona mama amelala, akashusha sauti. "Mwache, mwache apumzike. Mimi nimekuja kuweka hiki tu."

Alifungua mlango wa nyuma wa gari, akauweka mto kwenye kiti, akaupigapiga, akausogeza, akaona haujakaa vizuri, akausogeza tena. Kisha alikaa kwenye ukingo wa kiti, miguu nje, akapumua. Alikuwa amekonda. Alimweleza Spana kwa sauti ya chini kwamba amekuwa akilala kwenye kiti cha hospitali, na kwamba mkewe anamfukuza arudi nyumbani lakini yeye akirudi nyumbani hapati usingizi kwa ukimya. Jana mkewe alimuuliza kama bibi mdogo amepona. Akamwambia yuko kwa Fundi Baridi, Jumapili atakuja kumchukua. Mkewe akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na muuguzi akamfukuza yeye mzee nje kwa kosa la kumchekesha mgonjwa.

"Kwa hiyo kesho iko palepale?" aliuliza. "Gari litakuwa tayari?"

Jibu lile la haraka lilikuwa limeshafika mdomoni mwa Spana. Ndiyo, babu. Maneno mawili tu, na mzee angekwenda zake ametulia. Spana aliutazama ule mto.

"Sijui, babu," alisema, na machozi yakamtoka. "Ngoja nimwamshe mama."

Alimgusa mama begani. Mama alifumbua macho mara moja, kama wafanyavyo mama wote wenye mtoto mdogo, akauliza nani analia. Spana alisema ni yeye. Akamweleza yote, bila kuacha, mbele ya mzee: sponji, kipande kidogo kilichozama, lile "ndiyo, mama" alilosema bila kuangalia, na vizibo vya plastiki vilivyokuwa shuleni vikichezewa drafti.

Mama aliketi kwenye benchi, akatazama sakafu. Spana alitamani agombezwe mara moja yaishe. Mwisho mama alijifunga kanga kiunoni, akaenda kwenye pampu, akaizima.

"Niletee spana," alisema. Halafu akaongeza, bila kucheka, "Ile ya chuma."

Babu Picha ndiye aliyecheka, kicheko kifupi cha mtu aliyechoka, na hewa ya mle karakanani ikapata nafasi kidogo.

Walifungua. Mpira mnene ulipotoka, mama alimulika ndani na hakuona kitu. Pampu ilikuwa imekivuta kipande kikaingia ndani zaidi. Ikabidi kuutoa mpira wote, mwanzo hadi mwisho, na kule mwisho palikuwa pabaya kuliko pale mwanzo. Mama alikunja waya ncha kama ndoana, akaupenyeza polepole, akavua kama mtu anayevua samaki kwenye chupa. Sponji ikatoka. Spana alishusha pumzi, lakini mama hakushusha. Aliiweka mezani, akaigeuzageuza chini ya taa.

"Iangalie vizuri," alimwambia Spana. "Imekamilika?"

Safari hii Spana hakujibu haraka. Aliinama, akaichunguza pande zote. Kona moja ilikuwa imenyofoka, na pale ilipokatika palikuwa papya.

"Haijakamilika, mama. Kuna kijipande kimebaki."

Mama alileta mtungi wa hewa kavu, akaupulizia ule mpira upande mmoja, na Spana akashika kitambaa cheupe upande wa pili. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili hakuna kitu. Kisha kitu kidogo kama punje ya mchele kikagonga kitambaa. Wakakilinganisha na ile kona. Kikakaa sawasawa, kama kipande cha sahani iliyovunjika. Mama akafumba macho kidogo, kisha akasema waanze upya.

Wakaanza upya. Mipira midogo mipya, oili mpya, nati zile zile. Mama alipofika kwenye kila mdomo alimwita Spana, akampa taa, akamwambia achungulie mwenyewe kabla haujafungwa. Pampu ikaungurumishwa tena, na haikupita muda umeme ukakatika. Hakuna aliyelalamika. Mama alikaa kwenye benchi, Spana kwenye ndoo, Babu Picha kwenye ukingo wa kiti cha gari lake, wote watatu wakitazama pampu iliyonyamaza. Shangazi alileta chai. Kila mmoja aliionja kwanza kwa tahadhari, na ilikuwa na sukari.

Umeme ulirudi jua likiwa limeanza kulegea. Mshale ukashuka hadi chini kabisa. Mama akafunga koki, akazima pampu, wakautazama mshale kuona kama utapanda, maana ukipanda kuna tundu mahali. Haukupanda. Mzee akaondoka kwenda kulala kwenye kiti chake cha hospitali. Mama akafunga karakana, na usiku ule, sijui ni meno yalikuwa yametoka au mtoto naye alikuwa amechoka kulia, nyumba nzima ililala.

Asubuhi mama alitia gesi, kidogo kidogo, akisikiliza. Injini ikawashwa. Kompresa ikashika kwa mlio mdogo, ta, na haikukwaruza. Spana aliweka kiganja kwenye ule mpira mnene. Ulikuwa vuguvugu, kisha ukapoa, kisha ukawa baridi na kutoa jasho. Ndani ya gari hewa ilianza kutoka, na Babu Picha, aliyekuwa ameketi kwenye usukani, akafunga vioo vyote, akakaa humo peke yake kwa muda. Alipotoka macho yake yalikuwa yamelowa. Alisema ni baridi, na mama akasema ndiyo, AC ikiwa mpya huumiza macho.

Gari lilipokwisha kuondoka, mama na Spana walikaa mlangoni. Spana alingoja. Alijua kuna maneno yanakuja, na ni kweli yalikuja, ingawa mama aliyaanza kwa miayo.

"Mwanangu, kukata sponji vibaya si kitu. Mtu akichoka anakosea, hata mimi nakosea. Lakini nilipokuuliza, ulinijibu bila kuangalia. Mimi macho yangu hayakufika pale. Nilikuwa natumia ya kwako."

"Nisamehe, mama."

"Nilishakusamehe jana uliponiamsha. Ulijua nimechoka, ulijua nitakasirika, na bado ukaniamsha. Hiyo ndiyo kazi ngumu uliyofanya wiki hii. Kuosha nati kila mtu anaweza." Alimtazama. "Siku nyingine usingoje mto wa mgonjwa ndiyo useme. Ukiona kosa, liseme likiwa bado dogo. Likikaa ndani linavutwa mbali, na kulitoa ni kazi, umejionea mwenyewe. Na ukiulizwa kitu usichokijua, sema ngoja niangalie. Hakuna atakayekucheka. Kesho vizibo vyangu virudi, hata kama mtu anashinda mchezo."

Spana alisema vitarudi. Alifikiria rafiki zake watakavyonuna, akaona watanuna na watapona.

Mchana, jua likiwa kali hata bati linalia, gari la rangi ya maziwa lilikuja polepole likiwa limevaa vumbi kuanzia magurudumu hadi paani, vioo vyote vimefungwa. Likaingia moja kwa moja karakanani, kivulini. Babu Picha akangoja vumbi litulie, kisha akashusha kioo cha nyuma kidogo tu. Ndani, juu ya ule mto, alikaa mwanamke mwembamba aliyejifunika shali mpaka kidevuni.

"Wewe ndiye Fundi Baridi?" aliuliza kwa sauti nyembamba. "Mwambie huyu mzee apunguze. Nimepona mapafu, sasa anataka kunigandisha."

Mama alimpa pole, akamkaribisha nyumbani. Yule bibi akavuta pumzi, taratibu, hadi mwisho, bila kukohoa. Akapapasa kiti kwa kiganja.

"Miaka yote nimemsema vibaya mke mwenzangu," alisema. "Leo ndiye aliyenileta."

Mzee alipandisha kioo haraka kabla hajachekeshwa zaidi, wakaenda zao. Spana alilitazama gari mpaka likapinda kona.

Jioni ile, wakati wa kufunga karakana, uchovu wa wiki nzima ulimshukia Spana kwa mara moja. Alikuwa ameketi kwenye ndoo, kichwa ukutani, macho yanajifunga. Mama alikuwa amesimama mlangoni na kufuli mkononi, mtoto amelala mgongoni.

"Umefunga koki ya mtungi wa gesi?" mama aliuliza.

Spana alifungua mdomo. Alikuwa karibu kabisa na hakika kwamba ameifunga. Akaufumba mdomo, akajishika magoti, akasimama.

"Ngoja niangalie, mama," alisema, akarudi ndani gizani akipapasa ukuta kutafuta taa.